Kirusi Hakipandi Basi



Juma lililopita, nikiwa nimekwisha kukunja makaratasi yangu hapa redioni, simu iliita. Alikuwa mama mmoja wa Vibaoni. Mtoto wa jirani yake alikuwa amezikwa siku mbili kabla, na wazazi waliambiwa kwamba ubongo ulivimba kwa sababu ya virusi. "Sasa baba," akaniuliza, "hivyo virusi vinafikaje kichwani? Vinapeperushwa na upepo? Maana wanangu walikuwa wakila naye sahani moja." Nikamwambia, mama, poleni sana, na jibu lake si moja, inategemea ni kirusi gani na kimepita njia gani. Muda ulikuwa umekwisha, mtangazaji mwenzangu ameshaanza kunipungia mkono, nikamwahidi kwamba leo nitamjibu kwa kituo.

Mnaonifahamu mnajua mimi si daktari wa watu. Nilikuwa bwana mifugo. Miaka yangu ya kazi nimeimaliza kwenye maboma na mazizi ya Handeni, nikichanja ng'ombe, nikiogesha mbuzi, nikikimbizwa na mbwa. Lakini magonjwa haya ya ubongo, mengi yake humpitia mnyama kwanza kabla hayajamgongea mtu mlango. Ndiyo maana daktari wa watu na bwana mifugo ni kama mashemeji: hawakuchaguana, lakini penye shughuli lazima wakutane.

Nianze na majina, kwa sababu majina ndiyo yanayotupoteza.

Huku kwetu mtu akipata homa kali, akaanza kuweweseka na kuwatukana wakwe zake, tunasema malaria imepanda kichwani. Mtoto akikakamaa na macho yakageuka, tunasema degedege, na wapo wazee watakaokuambia ni yule ndege wa usiku aliyepita juu ya paa, na kwamba mtoto wa namna hiyo akichomwa sindano anakufa. Mtu mzima akiona vitu visivyokuwapo, akapiga kelele usiku, huyo amechezewa. Majina matatu, na kila jina lina mlango wake. La kwanza linakupeleka duka la dawa, la pili kwa bibi anayejua kufukiza, la tatu kwa mganga. Siwacheki wazee. Walichokiona walikiona kweli. Tatizo ni kwamba ubongo hauna lugha nyingi za kulalamika. Uvimbishwe na kijidudu cha malaria, bakteria, au kirusi, malalamiko ni yaleyale: homa, kichwa kupasuka, kuchanganyikiwa, kukakamaa, kupoteza fahamu. Ubongo umefungiwa ndani ya mfupa, na mfupa hautanuki. Kinachovimba humo hakina pa kwenda, kinajibana chenyewe.

Ile tunayoiita homa ya uti wa mgongo ni jirani wa karibu wa huku kuvimba kwa ubongo. Pale unaovimba ni utando unaoufunika ubongo na uti wa mgongo. Leo nazungumzia ubongo wenyewe.

Sasa sikilizeni hili. Miaka ya 2002 na 2003 watafiti walifuatilia wagonjwa waliolazwa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, yaani pembe hii yetu ya nchi. Walikuta wagonjwa zaidi ya 4,400 waliokuwa na hali mbaya na wakitibiwa kwa malaria kali. Damu zao zilipoangaliwa tena kwa darubini, waliokutwa na vijidudu vya malaria hawakufika nusu. Zaidi ya nusu walikuwa na kitu kingine, na kitu hicho hakikuwa kimetafutwa, kwa sababu jina lilikuwa limeshapatikana. Siku hizi kuna kipimo cha haraka, kile cha tone la damu kidoleni, na mambo ni afadhali. Ila hata kipimo kina mtego wake. Katika nchi ya malaria mtu anaweza kuwa na vijidudu kwenye damu asiugue navyo, akaja kuugua kitu kingine kabisa, na kipimo kikasema ndiyo, malaria ipo. Ipo, lakini siyo inayomuua.

Jirani zetu wa Malawi waliliona hilo kwa uchungu. Katika hospitali kubwa ya Blantyre watafiti waliwachunguza baada ya kifo watoto 26 ambao kila mtu aliamini wamekufa kwa malaria ya kichwani. Watatu kati yao walikuwa wamekufa kwa kichaa cha mbwa. Watatu! Na hao ni watoto waliolazwa wodini, wakatundikiwa dripu, wakaangaliwa na madaktari wazuri. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2007, na kila nikiyakumbuka huwa najiuliza, kama Blantyre ni watatu katika 26, je, huku vijijini ambako mtoto anafia njiani kwenye pikipiki?

Kwa hiyo, mama wa Vibaoni, umeuliza swali lililo bora kuliko wengi wetu. Hukuuliza jina la ugonjwa. Uliuliza umefikaje. Nami nitakujibu kwa njia, maana sisi watu wa Chanika njia tunazijua: kuna ya Korogwe, kuna ya Mkata, kuna ya kwenda Kilindi, na anayekuja kwa hii hawezi kupita ile.

Njia ya kwanza ni mbu, lakini si yule wa malaria. Mwaka 1937, katika wilaya ya West Nile kule Uganda, mwanamke mmoja alikuwa na homa tu, ya kawaida. Watafiti waliokuwa wakisaka homa ya manjano wakachukua damu yake, na maabara ya Entebbe ikatoa kirusi kisichojulikana. Wakakiita kwa jina la wilaya. Makazi yake ni ndege; mbu wa Culex, wale wanaozaliana kwenye maji machafu na mashimo ya vyoo, humnyonya ndege kisha humnyonya mtu. Wengi wakiambukizwa hawahisi lolote. Kwa wastani mmoja kati ya 150 ndiye anayepatwa na ugonjwa mkali wa ubongo au neva. Miaka 62 baadaye, mwaka 1999, kunguru wakaanza kudondoka wakiwa wafu katika jiji la New York, na wazee wa jiji hilo wakalazwa wamechanganyikiwa. Kilikuwa kirusi kilekile cha West Nile. Nikitoka nje ya mada kidogo, Afrika Mashariki tumeipa dunia majina ya kutisha: West Nile, Zika, Bonde la Ufa, na chikungunya ambayo ni neno la Kimakonde. Hakuna aliyetulipa hata senti kwa majina hayo.

Njia ya pili inawahusu zaidi wafugaji wangu, Wamasai na Wazigua wenye mbuzi. Mwaka 1930 kondoo walianza kufa kwa wingi kwenye shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, na kazi ya kuwachunguza ikatoa kirusi cha homa ya Bonde la Ufa. Mbu wanaokibeba hutaga mayai kwenye mabonde madogo ambayo hujaa maji miaka ya mvua kubwa tu. Mayai hukaa kwenye udongo mkavu miaka na miaka, yakisubiri. Mvua ikizidi, wanatoka wote kwa pamoja. Dalili ya kwanza utaiona zizini: mbuzi na ng'ombe wanatupa mimba kwa mkupuo, leo watatu, kesho kumi. Mtu huambukizwa kwa kuumwa na mbu, lakini zaidi kwa damu, anapochinja mnyama anayeumwa, anapovuta mtoto aliyefia tumboni kwa mikono mitupu, anapochuna. Wengi hupata homa wakapona. Wachache hutokwa damu, wachache hupoteza macho, na wachache sana hupata jambo la ajabu: mtu amepona, ameshaanza kwenda machungani, kisha wiki moja hadi nne baadaye kumbukumbu zinapotea, anachanganyikiwa, ubongo umevimba. Nani atakumbuka mbuzi aliyechinjwa mwezi uliopita? Mlipuko wa mwaka 2007 uligusa mikoa 10 ya nchi yetu na ukaua watu zaidi ya 140.

Njia ya tatu ndiyo ile ya hewa uliyoiogopa, mama yangu, na hiyo ni ya surua. Surua huruka kweli, kwa kikohozi na chafya, na haina simile. Katika kila watoto 1,000 wanaougua, kama mmoja ubongo wake huvimba. Kinga yake tunayo: chanjo mbili, miezi 9 na miezi 18. Angalia kadi za kliniki za wanao. Nje ya njia hiyo ya hewa, kipo pia kirusi cha malengelenge ya midomo, ambacho watu wengi tunaishi nacho bila shida, na mara mojamoja, bila sababu inayoonekana, hupanda hadi kwenye ubongo. Hicho angalau kina dawa hospitalini kikigunduliwa mapema.

Hizo nimezipitia haraka kwa sababu nataka kukaa kwenye njia ya nne. Hii ndiyo yangu. Ilinipita mkononi.

Ni miaka 20 na ushei sasa. Niliitwa na mzee mmoja mfugaji, safari ya baiskeli kutoka barabara kuu. Ng'ombe wake jike alikuwa anatokwa udenda, taya limelegea, anajaribu kumeza hawezi. Mzee akasema, mwanangu, huyu amekwamwa na gunzi la muhindi. Ikaniingia akilini. Ilikuwa msimu wa mavuno, magunzi yamezagaa. Nikakunja shati hadi begani, nikazamisha mkono kooni kwa ng'ombe yule, nikapapasa. Hapakuwa na gunzi. Hapakuwa na kitu chochote ila mate mengi, ya moto, na meno ya magego yaliyonikwangua kidole cha shahada. Glavu zilikuwa ndani ya mkoba. Sikuzivaa kwa kuwa zilikuwa jozi moja na nilikuwa nazibania.

Siku ya pili mzee akatuma kijana: ng'ombe ananguruma sauti si yake, anapiga pembe nguzo za zizi, anakula udongo. Siku ya nne akafa. Ndipo mzee akakumbuka kwamba majuma mengi nyuma mbwa mgeni alipita machungani akawauma ndama wawili na ng'ombe mmoja puani, na vijana wakamuua kwa fimbo wakamfukia. Hakuna aliyekuja kuniambia. Kwa nini waje? Mbwa amekufa, kesi imekwisha.

Tulikata kichwa, tukakifunga kwenye mifuko na barafu ya kununua, kikasafirishwa hadi maabara ya mifugo ya Temeke. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta chanjo tangu kijana yule alipoleta habari. Kituo cha kwanza hakuna. Cha pili wakaniambia nirudi Jumatatu. Nilichokifanya cha maana siku ile ya kwanza nilikifanya kwa mazoea tu: nilinawa mkono hadi kwapani kwa sabuni ya kufulia na maji mengi ya ndoo, kwa sababu bibi yangu alinilea hivyo, ukigusa mnyama nawa. Chanjo niliipata siku ya tatu tangu kidole kukwanguliwa, baada ya kupanda mabasi mawili. Majibu ya Temeke yalikuja baadaye sana, na yalikuwa kama tulivyodhani.

Sasa, nilikuwa na haki ya kuishi? Siku tatu si zilikuwa nyingi mno? Hapa ndipo panaponifanya nimheshimu na kumdharau kirusi huyu kwa pamoja.

Virusi vingi vya ubongo husafiri kwa damu, na damu ni basi la moja kwa moja. Kirusi cha kichaa cha mbwa hakipandi basi. Kikiingia kwa mate kwenye jeraha, hukaa kwanza kwenye nyama ya pale pale, kisha hutafuta ncha ya mshipa wa fahamu na kuingia. Humo ndani hutembea kwa miguu, kidogo kidogo, kikifuata mshipa kuelekea uti wa mgongo, na kutoka hapo hadi ubongoni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Mara chache ni juma moja, mara chache huzidi mwaka. Aliyeumwa mguuni ana safari ndefu kuliko aliyeumwa shavuni. Ndiyo maana watoto hufa upesi: kimo chao kinalingana na mdomo wa mbwa, nao huumwa usoni na shingoni.

Wakati wote huo mtu ni mzima. Anacheza mpira, analima, anaoa. Kidonda kimefunga, kovu limebaki. Wala kinga ya mwili haijashtuka sana, kwa kuwa mgeni anapita uchochoroni. Na kwa sababu anatembea polepole, chanjo inayochomwa baada ya kuumwa ina muda wa kuuamsha mwili, kinga ikatengenezwa, ikamwahi njiani. Hakuna magonjwa mengi ya namna hiyo, ambayo unachanjwa ukiwa umeshaambukizwa na bado unapona. Mnamo tarehe 6 Julai 1885, jijini Paris, Louis Pasteur alimwanzishia sindano kijana wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa mara nyingi siku mbili kabla. Sindano 13. Kijana akaishi hadi utu uzima. Huko nyuma chanjo za aina ya zamani zilichomwa tumboni, na hapo ndipo ilipotoka ile hadithi ya sindano 21 za kuzunguka kitovu ambayo bado inawatisha watu. Hadithi hiyo imekwisha. Siku hizi ni sindano chache za begani, kwa siku utakazopangiwa, na kwa jeraha baya huongezwa kinga iliyotengenezwa tayari, inayochomwa kuzunguka jeraha lenyewe.

Lakini kikishafika ubongoni, mambo yamekwisha. Kinauvimbisha, kisha kinashuka kwa mishipa mingine hadi kwenye tezi za mate, ili kimpate mtu wa kumuuma. Mgonjwa anataka maji, akiletewa kikombe koo linakaza kwa maumivu hadi anaogopa hata kuyaona. Wengine hawapigi kelele wala hawaogopi maji. Wanapooza tu, taratibu, kuanzia kiungo kilichoumwa, na hao ndio wanaozikwa kwa jina la malaria au la mchawi. Dalili moja ya mwanzo naomba muikariri: kovu la zamani linawasha, linachoma, linatambaa kama lina sisimizi. Ukimuuguza mtu mwenye homa na maruweruwe, usiulize jana alikula nini. Uliza miezi mitatu iliyopita aliumwa na nini.

Jeraha likitokea, kabla ya pikipiki, kabla ya simu kwa shangazi, ni maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15. Dakika 15 ni ndefu, jaribu kuzihesabu. Kirusi hiki kimevaa koti la mafuta, na sabuni hulivua kama inavyovua mafuta kwenye sahani. Nimeona jeraha limepakwa majivu, mafuta ya taa, dawa ya meno, na moja lilikuwa limefunikwa kwa manyoya ya mbwa mwenyewe. Hayo yote ni kumfungia mgeni ndani.

Na waislamu wenzangu wa Handeni, sisi tunaofuata madhehebu ya Shafii, hili halikupaswa kutuwia gumu. Chombo kilicholambwa na mbwa tunakiosha mara saba, moja kwa udongo. Tangu utotoni tumefundishwa kwamba mate yale si ya kupuuza. Ajabu ni kwamba mtu ataisugua sufuria mara saba, na mguu wa mwanawe uliong'atwa ataufunga kitambaa akaendelea na mambo yake. Nilimwambia shekhe mmoja rafiki yangu, akacheka, kisha akaacha kucheka. Ijumaa iliyofuata akalisema msikitini, na akaongeza kwamba udongo ni wa chombo, jeraha ni sabuni.

Mbwa mwenyewe tunamkosea pia. Tunangoja mbwa wa sinema, anayekimbia na povu. Wapo hao. Lakini wapo wanaonyamaza, wanaojificha uvunguni, taya limelegea kama lile la ng'ombe wangu, na mwenye mbwa anadhani amekwamwa na mfupa, anatia mkono. Mbwa akimuuma mtu, kama anaweza kufungwa kwa usalama, afungwe na aangaliwe siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, basi siku ya kuuma hakuwa na kirusi mateni. Mtu aliyeumwa asingoje hizo 10, aanze sindano, atasimamishwa baadaye. Akiuawa, mpigieni bwana mifugo kabla hamjamfukia. Mzoga ule ni ushahidi.

Mnataka kujua ukubwa wake? Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002, yaliyotokana na kufuatilia watu walioumwa badala ya kungoja taarifa za maofisini, yalisema Watanzania kama 1,500 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka. Taarifa rasmi zilikuwa zikionyesha sehemu ndogo mno ya idadi hiyo. Wengine walikufa nyumbani, na wengine walikuwa na jina jingine kwenye cheti. Duniani kote inakadiriwa ni watu 59,000 kwa mwaka, na karibu wote chanzo ni mbwa. Kusini, Lindi na Mtwara, mbweha nao wana sehemu kubwa, na sisi wa Handeni wenye mapori na mbwa wa kuwinda tusijidanganye kwamba mbweha wetu ni watakatifu.

Kumaliza ugonjwa huu kwa binadamu, kwa sindano za binadamu peke yake, ni sawa na kuchota maji ya mvua sebuleni huku paa limetoboka. Paa ni mbwa. Na hesabu yake inanifurahisha, maana ni hesabu ya kijijini. Watafiti waliofuatilia mbwa mmoja mmoja kule Serengeti na Ngorongoro waligundua kwamba mbwa mwenye kichaa huambukiza, kwa wastani, mbwa mmoja na kidogo, hafikishi wawili. Mgonjwa mmoja wa surua huambukiza watu zaidi ya kumi. Kwa hiyo si lazima umpate kila mbwa. Ukichanja 70 katika kila 100, mwenye kichaa atang'ata wasioambukizika, na mnyororo unakatika. Kwa nini 70 na si 40? Kwa sababu mbwa wetu hawaishi sana. Kila mwaka wengine wanakufa, watoto wengi wanazaliwa, na wale watoto hawana chanjo. Ukichanja 70 leo, mwakani wamebaki wachache. Ndiyo maana kuwaua mbwa hakusaidii: ukiua 50 waliochanjwa, nafasi yao inajazwa na 50 wasiochanjwa, kutoka kijiji cha pili.

Pemba walilifanya hili. Walichanja mbwa kisiwa kizima mwaka baada ya mwaka, kichaa kikatoweka. Mwaka 2016 kikarudi, na uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kimeingia upya kutoka nje ya kisiwa. Kirusi hakipandi basi, ila mbwa aliyeambukizwa huku bado anaonekana mzima anaweza kuvuka bahari chomboni. Wakachanja tena, na ilipofika 2018 kikawa kimeondoka tena. Kisiwa kina bahari ya kukisaidia. Sisi tumezungukwa na njia.

Mama wa Vibaoni, sijakujibu sahani. Virusi vya mbu na vya mbuzi haviruki kutoka kwa mtoto hadi mtoto mezani. Surua inaruka, angalia kadi. Kama marehemu alikuwa ameumwa na mbwa miezi ya nyuma, muulize mama yake taratibu, siku za msiba zikishapita kidogo lakini usichelewe sana, na kama alikuwa ameumwa, wanao walioguswa na mate yake penye kidonda wapelekwe wakaonwe. Na mbwa huyo, atafutwe alimuuma nani mwingine.

Kila mwaka tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895, ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na mara nyingi chanjo za mbwa hupangwa karibu na siku hiyo. Mwaka jana waliniita nikasaidie, mstaafu hakosi kazi ya bure. Chini ya mwembe, meza, sanduku la barafu, daftari. Wakaja wavulana wawili kutoka Kwenjugo wakimvuta mbwa wa rangi ya kahawia kwa kamba ya katani, mbwa amekataa, miguu minne yote imejikita chini, vumbi linatimka. Nikamdunga. Kijana wa daftari akauliza, jina la mwenye mbwa? Wavulana wakatazamana. "Hana mwenyewe," akasema mkubwa. Anakula wapi? "Kwetu." Analala wapi? "Kwetu, mlangoni." Akiitwa, anamwitika nani? Mdogo akajinyooshea kidole kifuani.

Nikachukua kalamu, nikaandika jina la mdogo penye nafasi ya mwenye mbwa. Akalisoma mara mbili, akaikunja ile kadi, akaitia mfukoni, akaondoka mbele safari hii, na mbwa akamfuata bila kuvutwa.